Kompyuta ya Linux Inapokataa Masasisho: Soma Ujumbe Kabla ya Kufuta Mfumo

Na Afisa Habari, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kompyuta nyingi zinazotumika katika kata zetu hazikununuliwa zikiwa mpya. Zimepita katika mikono ya wamiliki wengine kabla ya kufika katika duka la steshenari, ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, maktaba ya shule ya sekondari au sebule ya mwananchi. Baadhi ya kompyuta hizo zimewekewa mfumo endeshi wa Linux, hususan Ubuntu au Debian, kwa sababu mfumo huo haulipiwi leseni na hufanya kazi vizuri hata katika mashine yenye umri. Uamuzi huo una manufaa. Hata hivyo, mtumiaji asipoelezwa namna mfumo huo unavyopata masasisho, ipo siku mashine itakataa kuyapokea, itaandika maneno ya Kiingereza yanayotisha, naye ataamini kwamba imeharibika.

Kinachofuata mara nyingi huleta hasara kubwa kuliko tatizo lenyewe. Kompyuta hupelekwa kwa mtu ambaye hufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Pamoja na mfumo hupotea daftari la mauzo, orodha ya wanachama, mitihani ya wanafunzi na picha za familia. Wengine huamua kuvumilia na kuendelea kufanya kazi miaka kadhaa bila masasisho ya usalama, hadi siku kivinjari kinaposhindwa kufungua ukurasa wa maombi ya ajira au ya mkopo wa elimu ya juu, saa chache kabla ya muda wa maombi kufungwa.

Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo na hatua ambazo mwananchi anaweza kuzichukua mwenyewe. Jambo la msingi la kukumbuka ni hili: mara nyingi kompyuta ya namna hiyo ni nzima. Kilichotokea ni kwamba mfumo na bohari yake ya programu wamepishana, na ujumbe ulio kwenye skrini unasema wamepishana wapi.

BOHARI, KIFURUSHI NA TOLEO

Mtumiaji wa Linux kwa kawaida hatafuti programu huku na huko mtandaoni. Mfumo wake huzichukua katika bohari moja rasmi iliyoko kwenye seva za watengenezaji. Utaratibu huu unafanana na ule wa zahanati zetu na Bohari ya Dawa. Zahanati haiokoti dawa mitaani. Huagiza kwa kufuata orodha inayotambulika, hupokea maboksi yenye lakiri, na hukagua tarehe ya mwisho wa matumizi. Linux nayo ina orodha, lakiri na tarehe zake.

Kila programu iliyomo katika bohari hufungwa katika kifurushi. Msomaji asichanganye neno hili na vifurushi vya intaneti vinavyouzwa na kampuni za simu. Kifurushi cha Linux ni faili lenye programu yenyewe, namba ya toleo lake, na maelezo ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo huvitegemea ili ifanye kazi. Kimoja kinapohitaji kingine chenye toleo maalumu na kikakikosa, mfumo husimamisha kazi na kutoa taarifa.

Chombo kinachosimamia uagizaji huo katika Ubuntu na Debian huitwa APT. Amri zake mbili huchanganywa sana na watumiaji. Ya kwanza ni hii:

sudo apt update

Amri hii haisasishi programu yoyote. Inachukua tu orodha mpya kutoka bohari ili mfumo ujue kilichopo. Amri ya pili ndiyo inayoleta bidhaa zenyewe:

sudo apt upgrade

Neno sudo mwanzoni mwa amri lina maana kwamba kazi inafanywa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Mfumo utaomba nywila, na herufi hazitaonekana wakati wa kuiandika. Hiyo ni kawaida, wala si hitilafu.

Debian ilianzishwa mwaka 1993. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, na jina lake lina asili katika lugha za kusini mwa Afrika kwa maana ile ile tunayoipata katika neno letu utu. Namba za matoleo ya Ubuntu ni mwaka na mwezi wa kutolewa: 22.04 ni Aprili 2022, na 24.04 ni Aprili 2024. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, hutoka toleo la muda mrefu lenye herufi LTS, ambalo hupewa masasisho ya kawaida kwa miaka 5. Matoleo mengine yanayotoka katikati hupewa miezi 9 tu. Hapa ndipo chanzo cha matatizo mengi kilipo. Aliyewekewa toleo la miezi 9 na hakuambiwa, hujikuta amefungiwa mlango kabla mwaka haujaisha.

HATUA YA KWANZA: NAKALA NA UTAMBUZI

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili muhimu katika flashi au diski ya nje. Kompyuta inayokataa masasisho kwa kawaida bado huwaka na kufungua mafaili yake. Tumia nafasi hiyo. Kazi hii haichukui muda mrefu, nayo huondoa hofu katika hatua zote zinazofuata.

Kisha fungua dirisha la amri kwa kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na T, uandike:

cat /etc/os-release

Skrini itaonyesha jina la mfumo, namba ya toleo na jina lake la kificho, kama vile jammy kwa Ubuntu 22.04, noble kwa 24.04 au bookworm kwa Debian 12. Andika majina hayo katika karatasi. Linganisha na hali ifuatayo ya matoleo ya Ubuntu:

- Ubuntu 18.04: masasisho ya kawaida yalikoma Mei 2023.
- Ubuntu 20.04: masasisho ya kawaida yalikoma Mei 2025.
- Ubuntu 22.04: masasisho ya kawaida yanaendelea hadi mwaka 2027.
- Ubuntu 24.04: masasisho ya kawaida yanaendelea hadi mwaka 2029.

Ipo tahadhari moja muhimu katika orodha hii. Toleo la LTS linapofikia ukomo wake wa kawaida, bohari yake haifungwi mara moja. Huendelea kujibu, na amri ya kusasisha inaweza kumaliza kazi yake bila kulalamika, ikisema kwamba vifurushi vyote ni vya kisasa. Maana halisi ya maneno hayo ni kwamba hakuna kipya kilichowekwa katika bohari hiyo. Kwa hiyo mwenye Ubuntu 18.04 asifarijike kwa sababu skrini yake haina ujumbe wa kosa. Ukimya wa bohari hauthibitishi usalama wa mashine.

Jambo hili linawahusu zaidi wenye maduka ya steshenari, ambao kila siku hupokea vyeti, namba za vitambulisho vya Taifa na barua za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Ni vigumu kutimiza wajibu huo kwa mfumo ambao nyufa zake zinajulikana na haziwezi tena kuzibwa.

UJUMBE UNAOJITOKEZA MARA KWA MARA

Andika sudo apt update, usome mistari ya mwisho. Mstari unaoanza na herufi E ni kosa. Unaoanza na herufi W ni onyo. Zifuatazo ni kauli zinazoonekana zaidi, maana yake na dawa yake.

Temporary failure resolving

Kompyuta imeshindwa kuipata anwani ya bohari. Mara nyingi intaneti haipo, au kifurushi cha simu inayotoa mtandao kimekwisha. Fungua ukurasa wowote katika kivinjari kuthibitisha. Ikiwa intaneti ipo na bohari moja tu ndiyo haijibu, angalia anwani yake. Kompyuta nyingi hupangiwa seva yenye herufi mbili za nchi mwanzoni, kwa mfano tz.archive.ubuntu.com. Seva hiyo ikisumbua, badilisha iwe seva kuu, archive.ubuntu.com, kupitia dirisha la mipangilio liitwalo Software & Updates.

Release file is not valid yet

Kauli hii huwatatiza wengi, ilhali chanzo chake ni saa. Orodha ya bohari hubeba muda wa kutengenezwa kwake. Kompyuta ambayo saa yake imerudi nyuma huona orodha ya leo kama kitu cha siku zijazo, hivyo huikataa. Kompyuta za zamani huwa na betri ndogo ya duara, kwa kawaida aina ya CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, tarehe hurudi miaka mingi nyuma kila mashine inapozimwa kabisa. Dalili nyingine ya tatizo hili ni kivinjari kudai kwamba karibu kila tovuti si salama. Kagua kwa amri hii:

timedatectl

Rekebisha tarehe na saa katika mipangilio, kisha badilisha betri. Kasoro hii huondoka kwa gharama ndogo sana, na ni hasara kuifutia mfumo mzima.

404 Not Found, au does not have a Release file

Seva imejibu, lakini orodha ya toleo lako haipo tena mahali pale. Ikiwa anwani inayotajwa ni ya bohari rasmi, karibu kila mara ni ishara kwamba toleo hilo limefikia ukomo na kuhamishwa. Matoleo ya Ubuntu yaliyokwisha huhamishiwa old-releases.ubuntu.com, na yale ya Debian huhamishiwa archive.debian.org. Bohari hizo za kumbukumbu humwezesha mtu kuchukua vifurushi vya mwisho na kupanda kwenda toleo jipya. Hazipokei marekebisho ya usalama, kwa hiyo zisigeuzwe makazi ya kudumu.

Ikiwa anwani inayotajwa ni ya bohari ya nje, iliyoongezwa na mtu kwa ajili ya programu moja, basi bohari hiyo haitoi vifurushi kwa toleo lako. Iondoe katika mipangilio, uhakikishe kwamba bohari rasmi zinajibu.

NO_PUBKEY

Lakiri ya bohari imepatikana, lakini kompyuta haina ufunguo wa kuitambua. Jiulize kwanza kama unaifahamu bohari hiyo na kama bado unaihitaji. Usipoifahamu, iondoe. Ukiihitaji, chukua ufunguo kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji wa programu hiyo, kwa kufuata maelekezo yake ya sasa.

Could not get lock

Kazi nyingine ya kusasisha inaendelea. Mara nyingi mfumo umeanza wenyewe kusasisha chinichini muda mfupi baada ya kuwashwa. Subiri dakika kadhaa, ujaribu tena. Kuna ushauri mtandaoni wa kufuta faili la kufuli hilo. Usiufuate, kwani kuingilia kazi iliyo katikati ni njia ya haraka ya kuharibu kumbukumbu za vifurushi.

dpkg was interrupted

Umeme ulikatika, au mashine ilizimwa, wakati kifurushi kinafunguliwa. Ujumbe wenyewe hutaja dawa yake:

sudo dpkg --configure -a

Baada ya hapo ongeza amri ifuatayo, ambayo hukamilisha tegemezi zilizobaki:

sudo apt --fix-broken install

Amri ya pili ikikuonyesha orodha ndefu ya vifurushi itakavyoviondoa, soma kabla ya kukubali. Ukiona majina ya programu unazozitumia kila siku, jibu hapana na utafute msaada.

No space left on device

Diski imejaa. Amri ya df -h huonyesha sehemu iliyojaa. Vifurushi vya zamani visivyohitajika tena huondolewa hivi:

sudo apt clean
sudo apt autoremove

You have held broken packages, au unmet dependencies

Hapa matoleo yamegongana. Kifurushi kimoja kinataka toleo fulani la kingine, na bohari zilizopo haziwezi kulitoa, au toleo lililopo limetoka katika bohari ngeni. Kosa hili linastahili maelezo marefu zaidi.

MATOLEO YANAPOGONGANA

Chukulia mwananchi mwenye Ubuntu 22.04 aliyesoma kwamba kuna toleo jipya zaidi la programu ya ofisi, LibreOffice. Toleo la 22.04 lilitoka likiwa na LibreOffice 7.3, ilhali 24.04 ilitoka na LibreOffice 24.2. Anaona yake imepitwa, anakopa anwani ya bohari ya toleo lingine na kuiweka kwenye mfumo wake. Siku ile kila kitu kinaweza kwenda sawa. Baada ya wiki chache, masasisho ya kawaida yanakuta nusu ya vifurushi ni vya jammy na nusu ni vya noble, na hakuna tena njia ya kuviridhisha vyote.

Inafaa kufahamu kwamba namba ya zamani si lazima iwe kasoro. Bohari ya toleo la LTS husimamisha namba kuu za programu nyingi kwa makusudi, ili zisibadilike ghafla mikononi mwa mtumiaji. Ufa wa usalama unapogunduliwa, marekebisho huingizwa ndani ya namba ile ile, na ni sehemu ya mwisho tu ya namba inayobadilika. Hivyo, anayelinganisha namba ya mbele peke yake na ile iliyotangazwa mtandaoni anaweza kudhani yuko hatarini wakati amelindwa.

Kujua kifurushi kimetoka wapi, tumia amri ya apt policy ikifuatiwa na jina lake. Kwa mfano:

apt policy libreoffice-writer

Mstari wa Installed unaonyesha toleo lililopo ndani ya kompyuta. Mstari wa Candidate unaonyesha toleo ambalo mfumo ungelichagua sasa. Chini yake kuna orodha ya bohari zinazolitoa kila toleo. Ukiona anwani usiyoitambua, au jina la kificho tofauti na lile uliloandika kwenye karatasi, umepata chanzo cha mgongano.

Bohari za watu binafsi katika Ubuntu huitwa PPA. Kuifuta tu katika orodha hakurudishi vifurushi ilivyokwisha kuviweka. Kipo chombo kiitwacho ppa-purge, kinachofunga bohari hiyo na kuvirudisha vifurushi katika toleo rasmi kwa wakati mmoja. Kitumie kabla ya kuifuta PPA. Vilevile, amri ya apt-mark showhold huonyesha vifurushi ambavyo mtu aliamuru visibadilike. Kimoja kilichosahaulika humo kinaweza kuzuia vingine vingi.

Kuhusu kivinjari, tangu Ubuntu 22.04 Firefox haitoki katika bohari ya APT kama zamani. Huletwa kwa utaratibu mwingine uitwao snap. Mwenye toleo hilo asitegemee apt upgrade kuisasisha. Aifunge Firefox, kisha aandike:

sudo snap refresh firefox

KUPANDA KWENDA TOLEO JIPYA

Ikiwa toleo lako limefikia ukomo, dawa ya kudumu ni kupanda. Haihitaji kufuta mafaili, ingawa nakala rudufu ni ya lazima. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, hakikisha mashine ina uwezo. Andika lscpu, usome mstari wa CPU op-mode. Ukiona 64-bit, prosesa yako inaweza kubeba matoleo mapya. Ukiona 32-bit peke yake, njia ya Ubuntu imefungwa, kwa kuwa Ubuntu iliacha kutoa mifumo ya kompyuta za aina hiyo miaka kadhaa iliyopita. Debian 12 ya Juni 2023 bado ina programu ya kuiweka katika mashine hizo. Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Mwenye mashine hiyo aanze kupanga kununua nyingine.

Pili, kamilisha masasisho ya toleo ulilonalo kwa apt update na apt upgrade, uwashe kompyuta upya. Ikiwa bohari imehamishiwa kwenye kumbukumbu, rekebisha anwani kwanza. Anwani hizo zimeandikwa katika faili /etc/apt/sources.list, na kuanzia Ubuntu 24.04 zimehamia /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources.

Tatu, anza safari yenyewe:

sudo do-release-upgrade

Mfumo hupanda ngazi moja ya LTS kwa wakati. Mwenye 18.04 atapita 20.04, kisha 22.04, ndipo afike 24.04. Kabla ya kuanza kupakua, chombo hiki hutaja ukubwa wa data inayohitajika na kuomba idhini. Soma kiasi hicho, ukilinganishe na salio la intaneti. Bohari za nje hufungwa zenyewe wakati wa kazi hii, nawe utachagua baadaye zipi za kurudisha.

Nne, tayarisha umeme wa uhakika. Kompyuta mpakato ichomekwe huku betri ikiwa imejaa. Kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS. Kazi ikikatika katikati ndipo mfumo unapoweza kuharibika kweli. Usianze jioni ambayo asubuhi yake una kazi ya haraka.

Asiyeweza kupanda kwa sasa ana njia ya kati. Huduma ya Ubuntu Pro huongeza masasisho ya usalama ya toleo la LTS hadi miaka 10 tangu kutolewa kwake, bila malipo kwa mtu binafsi mwenye kompyuta zisizozidi 5. Mwenye 20.04 anaweza kuitumia kujipatia muda wa kujipanga.

MAMBO YA KUEPUKA

Mtu aliyebanwa na muda hushawishika kuuzima ujumbe badala ya kuondoa chanzo chake. Yapo maelekezo mtandaoni yanayomtaka aongeze maneno trusted=yes mbele ya anwani ya bohari, au atumie amri ya kuruhusu vifurushi visivyothibitishwa. Kufanya hivyo ni sawa na kumwambia mtunza stoo wa zahanati apokee maboksi hata kama lakiri zimevunjwa. Bohari za Ubuntu kwa kawaida husafirisha vifurushi kwa njia ya wazi ya http. Kinachomlinda mtumiaji ni saini ya kidijitali iliyowekwa kwenye orodha, ambayo hubeba alama ya utambuzi inayofikia kila kifurushi. Ukiiondoa saini, ulinzi wote unaondoka nayo.

Usibadilishe jina la kificho katika faili za anwani ukidhani utapanda toleo kwa njia ya mkato. Usinakili amri ndefu usiyoielewa kutoka mtandaoni na kuitekeleza kwa sudo. Usiondoe Python iliyokuja na mfumo kwa sababu unataka mpya. Zana nyingi za Ubuntu zinaitegemea. Anayehitaji Python mpya aiweke pembeni ya ile ya mfumo.

UKIHITAJI MSAADA

Mwananchi aliyefuata hatua hizi bila mafanikio anakaribishwa katika Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, saa za kazi, au apeleke taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kata ili afahamishwe utaratibu. Ili ahudumiwe haraka, aje na mambo manne: jina na namba ya toleo la mfumo, ujumbe kamili wa kosa, aliounakili neno kwa neno au kuupiga picha kwa simu, maelezo ya kilichofanyika mara ya mwisho kabla ya tatizo kuanza, kama vile umeme kukatika au programu mpya kuwekwa, na nakala ya mafaili yake muhimu. Nywila yake abaki nayo mwenyewe, aiandike kwa mkono wake itakapohitajika.

Kwa wakuu wa shule, viongozi wa vyama vya ushirika na wamiliki wa steshenari, inashauriwa kuweka daftari dogo kando ya kila kompyuta. Iandikwe siku mfumo ulipowekwa, toleo lake, mwaka ambao masasisho yake yatakoma, na kila bohari ya nje iliyoongezwa pamoja na sababu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mistari michache katika daftari hilo ndiyo itakayomwonyesha fundi wa kesho mahali pa kuanzia, bila kulazimika kufuta kazi ya miaka.